Bakuli la Jirani Halirudi Tupu

Kati ya darasa langu na darasa lake palikuwa na ukuta wa plaiwudi ambao haukufika juu. Aliyeujenga aliishiwa mbao, au aliishiwa hamu, akaacha pengo chini ya paa. Kupitia pengo hilo vumbi la chaki yake lilikuja kwangu, na la yangu likaenda kwake. Asubuhi, jua lilipoingia kwenye madirisha ya upande wake, utepe mwembamba wa mwanga ulivuka juu ya ukuta na kulala kwenye ubao wangu, ukashuka polepole kutoka kwenye tarehe hadi kona ya chini, na ulipofika sakafuni tulijua mapumziko yamekaribia.

Sauti yake nayo ilipita hapo. Nilimjua mwanamke yule kwa sikio kabla sijamjua vizuri kwa macho. Ilikuwa sauti nene, ya kifuani, yenye mkwaruzo mdogo mwishoni kama mlango wa kabati la zamani. Alipofundisha kuzidisha, darasa langu la nne lilizidisha pamoja na darasa lake la tatu. Alipoimba, wanafunzi wangu waliimba bila kujijua huku wakiandika mambo mengine kabisa. Siku nyingine nilijifanya natafuta chaki kwenye droo, kumbe nimeacha kufundisha, namsikiliza tu.

Kisha Jumatatu moja sauti haikuja.

Siku hizi kila mtu anamwita Mwalimu Bakuli, hata mumewe, na mimi nitamwita hivyo tangu mwanzo, ingawa jina hilo alilipata baadaye. Ni mwanamke mfupi, mnene kidogo, anayetembea kama mtu aliyebeba kitu kilichojaa na hataki kimwagike. Nilimuuliza siku moja mwendo ule aliupata wapi. Akacheka. "Kwa kutumwa, mdogo wangu."

Alizaliwa kitinda mimba katika nyumba yenye watu wengi kuliko viti. Palikuwa na bibi, shangazi wawili, kaka na dada, na wote walikuwa wasemaji. "Kwetu ukitaka chumvi, nyoosha mkono," aliniambia. "Ukisubiri usikilizwe, utakula chakula chapwa mpaka uolewe." Basi kazi aliyobakiwa nayo mtoto asiyesikilizwa ilikuwa kutumwa. Mama yake alimpa bakuli lililofunikwa kwa sahani, apeleke kwa jirani, pamoja na ujumbe. Lakini kabla hajavuka kizingiti, mama alimshika bega.

"Nimekwambia ukasemeje?"

"Nikaseme mama anasalimia, na..."

"Na nini? Rudia. Nisikie."

Alirudia mpaka maneno yakatoka kama yalivyoingia. Na aliporudi, bakuli mkononi, swali lilimngoja mlangoni: "Wamesemaje?" Hapo napo alirudia. Bakuli lenyewe halikurudi tupu hata siku moja. Lilirudi na ndimu, au vitunguu, au yai moja limeviringishwa kwenye kitambaa. Palikuwa na ajuza mmoja aliyeishi peke yake, ambaye mara nyingine hakuwa na kitu. Siku hiyo alilirudisha likiwa jeupe linang'aa. "Mwambie mama yako nimelisugua kwa jivu." Mama alilitazama lile bakuli, akalielekeza kwenye mwanga wa mlangoni, akasema, "Hili nalo halikurudi tupu."

Hadithi hiyo alinisimulia zamani, tukiwa tumekaa kwenye ngazi ya darasa tukisubiri mvua ipite. Wakati ule ilikuwa hadithi tu.

Sote wawili tulisoma chuo kimoja cha ualimu, yeye mbele yangu kwa miaka kadhaa. Huko kazi za vikundi tulifundishwa kwa kuhutubiwa, tumekaa safu kwa safu, marufuku kunong'ona. Tuliambiwa mtoto hujifunza vizuri akishirikiana na wenzake, tukanakili, tukafaulu. Ukija darasani mambo ni mengine. Waweke watoto sita kwenye meza moja: mmoja atafanya kazi yote, wawili watagombania rula, mmoja atachora magari, na waliobaki watakuwa wasindikizaji wa harusi. Kisha utauliza, "Kikundi hiki mmemaliza?" nao wataitikia kwa sauti moja, hata yule wa magari, "Ndiyooo, mwalimu!" Kwa hiyo wengi wetu tulisogeza madawati siku mkaguzi alipokuja, na alipoondoka tukayarudisha.

Mwalimu Bakuli hakuhitaji vikundi. Alikuwa na sauti. Alifundisha kama mtu anayewasha taa, chumba kizima mara moja.

Ile Jumatatu nilidhani anaumwa, hakuja. Nilipochungulia nikamwona amesimama mbele ya ubao, kinywa kinafunguka, watoto wanamtazama, na kinachotoka ni hewa. Mkono wake ulikuwa kooni, kama mtu anayetafuta mkufu aliokuwa ameuvaa asubuhi.

Daktari alimwambia kwenye nyuzi za sauti pameota vinundu, kama sugu kwenye kiganja cha mtu wa jembe. Kazi yake imezichubua. Apumzike, azungumze kidogo na polepole, asipaze sauti tena. "Na usidhani utanong'ona," daktari alisema. "Kunong'ona kunachana palepale palipochanika." Akiendelea kufundisha kama zamani, ataipoteza yote.

Nilikwenda kumwona nyumbani kwake jioni. Mumewe ni fundi cherehani. Mashine yake iko chumba cha mbele, na vipande vya vitambaa vimetapakaa hadi chini ya viti. Alinikaribisha kwa mzaha, kama kawaida yake.

"Karibu shemeji. Umeona mambo? Nilioa redio, sasa betri imekwisha. Nyumba nzima haina taarifa ya habari."

"Shemeji, acha utani na mgonjwa."

"Nani anatania? Jana nimekosea kushona suruali, nikangoja nifokewe, wapi! Nimeharibu bure."

Mwalimu Bakuli alimrushia kitambaa. Mumewe alicheka, akageukia mashine, lakini mguu wake haukukanyaga. Alikaa tu, kidole kikiwa kwenye gurudumu, akitazama sindano iliyosimama.

Mwalimu Mkuu wetu ni mwanamume mrefu anayevaa fulana ya sufu hata jua likiwa kali, na shada la funguo kiunoni humtangulia kila aendako. Si mtu mbaya. Anaogopa tu matokeo ya mitihani kama wengine wanavyoogopa nyoka. Alimwita Mwalimu Bakuli ofisini, naye akaniomba tuende pamoja nimsaidie kusema.

"Mwalimu, mimi sikufukuzi," Mwalimu Mkuu alisema. "Nakupumzisha. Muhula ujao utakaa stoo ya vitabu. Kuna kiti, kuna dirisha, kuna utulivu."

"Stoo haina watoto," alijibu kwa sauti ya chini, ndogo, iliyobaki.

"Ndiyo sababu kuna utulivu."

"Nipe mpaka mtihani wa mwisho wa muhula."

"Darasa la tatu bila sauti ya mwalimu? Hilo litakuwa soko, siyo darasa. Na wakianguka?"

"Wakianguka nitakuja mwenyewe kukuomba ufunguo wa stoo."

Nje, kwenye veranda, nilimwambia pengine si vibaya, kazi ya stoo haina kelele, hata mimi ningeitamani. Akatikisa kichwa. "Mdogo wangu, wewe ukikaa stoo utasoma vitabu. Mimi nikikaa stoo nitakuwa kitabu kimoja zaidi."

Kesho yake alikuja na mfuko wa kitambaa. Ndani mlikuwa na mabakuli ya plastiki kutoka jikoni kwake, ya rangi mbalimbali, moja limeyeyuka ukingo kwa moto. Aliunganisha madawati, akaweka bakuli moja katikati ya kila kikundi. Nilikuwa na kipindi cha bure, nikakaa nyuma. Ubaoni aliandika kwa mwandiko mkubwa: *Anayeshika bakuli ndiye anayesema. Anayelitaka bakuli, kwanza amrudishie mwenzake alichosema. Kisha aongeze chake. Bakuli la jirani halirudi tupu.*

Kazi ilikuwa kuchora ramani ya shule kwa ajili ya mgeni asiyeijua. Niliangalia kikundi cha karibu yangu. Ndani yake alikuwa msichana waliyemwita Chiriku, na jina halikumsingizia. Mtoto yule aliongea hata akiwa anakunywa maji. Bakuli alikuwa amelikumbatia kifuani.

"Geti liko hapa, bomba la maji liko hapa, ofisi iko hapa. Mimi nachora, nyinyi mtapaka rangi nikiwaambia."

"Lete bakuli," alisema mvulana mwenye pengo la meno ya mbele, Kibogoyo.

"Sijamaliza."

"Hujamaliza tangu tuzaliwe!"

Mwalimu Bakuli alikuja. Alimgusa Kibogoyo sikio, akaelekeza kidole kwa Chiriku. Kibogoyo akakumbuka ubao, akavuta pumzi.

"Umesema geti liko hapa, bomba liko hapa, ofisi iko hapa, wewe unachora. Sawasawa?"

"Sawasawa," alikiri Chiriku, na kwa shingo upande akalitoa bakuli.

"Mimi naongeza: bomba haliko hapo. Hapo ni choo. Mgeni akifuata ramani yako, mwenzetu, atakunywa ya chooni."

Kikundi kiliangua kicheko. Chiriku akanyoosha mikono yote miwili. "Lete! Lete niseme!"

"Rudisha kwanza."

"Amesema..." Macho yake yalitafuta juu penye paa, yakatafuta chini ya dawati. "Amesema kitu cha choo."

Alishindwa. Hakuwa amesikia, alikuwa anasubiri zamu yake tu, kama sisi wengi tunavyofanya maisha yetu yote. Machozi yalimlengalenga. Mwalimu Bakuli alichuchumaa karibu naye, akamwambia kitu sikioni. Baadaye nilijua alimpa kazi: tangu siku ile Chiriku angekuwa mlinzi wa bakuli. Kazi yake ni kuangalia nani hajalishika bado, na kuhakikisha linamfikia. Msemaji kuliko wote alipewa kazi ya kuwatafuta walio kimya.

Wiki za kwanza zilikuwa fujo tupu, na Mwalimu Mkuu alipita mara kwa mara, funguo zikilia. Bakuli moja lilipasuka kwa kuvutwa huku na huku. Watoto walirudisha maneno ya wenzao kwa kejeli, wakiigiza kigugumizi cha mmoja na pua iliyoziba ya mwingine, na Mwalimu Bakuli alisimamisha kazi, akawaonyesha kwa ishara kama ya kunawa: bakuli limerudishwa chafu, warudie. Aliwafundisha kunyanyua madawati, wasiyaburute. Aliwafundisha kukubaliana kwa kunyoosha viganja mezani, na asiyekubali aache chake kimefungwa, na wengine wamuulize sababu kabla ya kusonga mbele. Alizunguka kati yao na ule mwendo wake wa kubeba kilichojaa.

Polepole kitu kilibadilika upande wa pili wa plaiwudi. Sijui nikieleze vipi. Mahali palipokuwa na sauti moja kubwa palizaliwa mvumo. Haukuwa wa fujo, wala haukuwa kimya. Ulikuwa kama mzinga wa nyuki unaposikika kutoka mbali, au maji yanayokaribia kuchemka. *Umesema... sawasawa? Naongeza...* Maneno hayo yalipanda, yakavuka juu ya ukuta pamoja na vumbi na utepe wa mwanga, nami nikaandika ubaoni nikiwa kama mtu aliyesinzia akiwa wima.

Alasiri moja mvua kubwa ilipiga mabati. Unajua jinsi inavyokuwa: mwalimu hata apige kelele vipi, haisikiki hata herufi. Darasa langu lilifunguka kama gunia la mbaazi. Nilipanda juu ya kiti nikachungulia kwenye pengo. Upande ule mwanga ulikuwa wa kijivu, laini, kama umechujwa kwenye shuka. Vichwa vilikuwa vimekutana katikati ya kila meza, midomo inacheza, na mabakuli yanatoka mkono hadi mkono, jekundu, bluu, jeupe, bila sauti yoyote isipokuwa mvua. Karibu na dirisha alikaa msichana mmoja mwembamba, ambaye daftari lake la majaribio lilikuwa maarufu chumba cha walimu kwa kurudi jeupe, jina tu juu. Chiriku alikuwa amemsogezea bakuli. Akangoja. Chiriku, akangoja! Yule msichana akalishika, akasema kitu, na wote wakainama zaidi ili wamsikie.

Mwalimu Bakuli alikuwa amekaa pembeni, mkono kooni. Aliinua macho akaniona kichwa changu kimeota juu ya ukuta, akatabasamu.

Siku ya mtihani iliangukia siku ileile Mwalimu Bakuli aliyopangiwa kurudi kwa daktari. Mwalimu Mkuu akasema atasimamia mwenyewe. Aligawa karatasi, kila mtoto yake, akasema waanze, na muda si mrefu akaitwa getini kuna mgeni. Mgeni alikuwa msemaji. Mimi nilikuwa upande wangu, wanafunzi wangu nao wanafanya mtihani, na nilichosikia kutoka ng'ambo ni ule mvumo wa kila siku.

Mwalimu Mkuu aliporudi alikuta madawati yameunganishwa. Mezani kwake palikuwa na karatasi chache tu zilizojazwa, moja kwa kila kikundi, juu yake majina yote ya kikundi kwa mwandiko safi. Karatasi nyingine zote zilikuwa tupu, zimepangwa vizuri pembeni, na juu yake jiwe dogo zisipeperuke. Watoto walikuwa wamekaa wameshikana mikono, wanamngoja awasifu.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa ofisini: Mwalimu Mkuu, Mwalimu Bakuli, na mimi, niliyeitwa kwa kuwa ukuta wetu ni mmoja.

"Wewe jirani," aliniambia, "hukusikia madawati yakihamishwa?"

"Wanayanyanyua, Mwalimu. Hawayaburuti."

Alinitazama kama niliyemwongezea chumvi kwenye kidonda. Kisha mlango ukagongwa. Alikuwa Chiriku, sare imenyooshwa, bakuli jekundu mkononi.

"Nani amekuita wewe?"

"Darasa limenituma, Mwalimu Mkuu. Tumepiga kura ya viganja."

"Kufanya nini?"

"Kusikiliza. Halafu nikawaambie."

Nadhani ni hasira iliyomfanya aendelee kusema mbele ya mtoto. Alimgeukia Mwalimu Bakuli. "Haya, umeyaona matunda. Darasa zima limeiba mtihani mchana kweupe. Watoto hawa hawajui kitu mtu akiwa peke yake. Tangu sauti yako ipotee, darasa limepotea."

Mwalimu Bakuli alifungua kinywa. Lakini Chiriku alikuwa amenyanyua bakuli, kwa mikono miwili, kama alivyozoea.

"Mwalimu Mkuu, umesema tumeiba mtihani mchana kweupe. Umesema hatujui kitu mtu akiwa peke yake. Umesema tangu sauti ya mwalimu ipotee, darasa limepotea. Sawasawa?"

Maneno yalikuwa yaleyale, hata mpangilio. Lakini yalipotoka kwenye kinywa kile kidogo, bila hasira, yalikaa juu ya meza kama vitu, na mwenyewe ikabidi avitazame.

"Sijasema... Nimesema, ndiyo." Alishika funguo zake zisilie. "Sawasawa."

"Mimi naongeza," alisema Chiriku. "Hatukuiba. Tumeandika majina yetu sote. Mwizi haandiki jina."

Nilitazama chini nisicheke. Mwalimu Mkuu naye alikohoa kidogo, akageukia dirisha. Ndipo Mwalimu Bakuli akasema, kwa ile sauti yake ndogo ambayo ilitulazimisha sote kuinama.

"Kosa ni langu. Niliwafundisha kupeana bakuli. Sikuwafundisha siku ya kuliacha mezani."

Mwalimu Mkuu alikaa. Alisema watarudia mtihani, mwingine, Ijumaa, kila mtoto peke yake na dawati lake, na yeye atakuwa ndani tangu mwanzo hadi mwisho. "Na ahadi yako iko palepale. Wakianguka, ufunguo unaufahamu."

Siku zilizobaki zilikuwa chache. Nilidhani atarudia masomo, atawachosha kwa mazoezi. Badala yake nilisikia, kupitia pengo, kitu ambacho sikuwahi kukisikia shuleni kwetu: watoto wakifundishwa kukaa peke yao. Alitenganisha madawati. Aliwaambia wafunike mabakuli, chini juu.

"Ukiwa peke yako," aliuliza polepole, "jirani yako ni nani?"

Walikisia. Dawati. Kalamu. Malaika, mmoja alisema.

"Swali," alisema Mwalimu Bakuli. "Swali ni jirani aliyekutumia bakuli. Kabla hujamjibu, mrudishie alichosema. Ndani, kichwani. Kisha ongeza chako."

"Na tukikosea, nani atatuambia?" Sauti ya Kibogoyo.

"Leo hakuna. Kesho tutaambiana."

Kukawa kimya kwa muda mrefu. Nilihisi wanajaribu. Ukanda wa mwanga ulikuwa umefika katikati ya ubao wangu, na chembe za chaki zilielea ndani yake zikipanda na kushuka, kila moja peke yake.

Ijumaa Mwalimu Mkuu alisimamia. Darasa langu lilikuwa michezoni, nami nilikaa peke yangu, nikisahihisha bila kuona nilichosahihisha. Nilizisikia funguo zikitembea safu kwa safu. Kisha zikasimama. Alinisimulia mwenyewe baadaye kwamba aliona midomo ya watoto inacheza, akajua wananong'onezana, akamvizia yule msichana wa dirishani na kuinama kabisa sikio likaribie. Msichana hakugeuka. Macho yalikuwa kwenye karatasi. "Umesema nina machungwa ishirini," alikuwa anaiambia karatasi, "na ndugu zangu wanne. Sawasawa."

Mwalimu Mkuu alinyooka, akaenda kukaa.

Sitasema walishinda shule nzima. Hawakuwa wa kwanza. Chiriku aliandika maelezo marefu kwenye hesabu fupi, muda ukamwishia. Wengine waliokuwa wakijificha ndani ya vikundi walionekana walivyo, na ilibidi wasaidiwe. Lakini hawakuanguka, na karatasi ya msichana wa dirishani haikurudi nyeupe. Ilikuwa na makosa hapa na pale, na ilikuwa imejaa.

Mwalimu Mkuu alikuja darasani kwake siku ya kufunga, nami nilikuwepo kumsaidia kushusha picha ukutani. Alisimama katikati ya madawati na ule urefu wake, hajui mikono aiweke wapi.

"Mwalimu, nimeyatazama matokeo."

Mwalimu Bakuli aliacha kukunja karatasi.

"Nitakuwa mkweli. Sijui vizuri nimeona nini. Lakini stoo ina panya wa kutosha kuitunza. Utaendelea na hawa, uende nao la nne."

Rafiki yangu hakusema asante. Alisema, polepole, "Umesema stoo ina panya wa kutosha. Umesema niendelee na hawa, niende nao la nne. Sawasawa?"

"Sawasawa," alisema Mwalimu Mkuu, na kabla hajajizuia akacheka.

"Naongeza: darasa la nne ni la huyu." Alinielekezea kidole. "Mwulize kwanza."

Niliulizwa. Nilikubali kubadilishana, mimi nikachukua la tatu jipya, ukuta ukabaki uleule, kila mmoja upande wake.

Sauti yake haikurudi. Daktari alifurahi kwamba haikupotea zaidi, na hayo ndiyo mafanikio aliyoweza kuyatoa. Mumewe anasema amezoea kusikiliza redio kwa karibu. Haimbi tena. Hilo ndilo ninalolikosa, na nadhani yeye pia, kwani mara nyingine, watoto wanapoimba, namwona kupitia pengo amefumba macho na vidole vyake vinapiga mapigo kooni.

Mwenyewe naishi na mama yangu, ambaye siku hizi husahau. Huniuliza jambo moja, nikamjibu, akaniuliza tena. Zamani nilikuwa nikimjibu nikiwa nimeshageuka. Sasa nakaa. "Umeniuliza kama mlango nimeufunga, mama. Sawasawa?" Naye hunitazama, uso ukilegea, anasema, "Sawasawa, mwanangu," na kwa muda haulizi tena.

Wakati wa likizo seremala alikuja na mbao mpya. Mwalimu Mkuu alikuwa amemwagiza aupandishe ukuta wa plaiwudi mpaka juu, madarasa yasisumbuane. Alikuwa ameshapima, penseli sikioni, ngazi imeegemezwa.

"Hapa juu, mwalimu, naziba kabisa," aliniambia. "Hutasikia kitu."

Nilimwambia atengeneze kwanza dawati lililovunjika mguu, nami nikaenda ofisini. Nilimkuta Mwalimu Mkuu anatafuta ufunguo wake mmoja kati ya nyingi. Nilimrudishia alichomwambia seremala, neno kwa neno, nikamuuliza kama ni sawasawa. Alishusha funguo mezani, akanitazama, akangoja nimalizie.

"Naongeza," nilisema. "Tunaomba pengo libaki."

Muhula ulipofunguliwa, siku ya kwanza, utepe wa mwanga ulivuka juu ya ukuta ukalala kwenye tarehe. Niliwapa darasa la tatu jipya mabakuli, wakaanza kuyagombania. Na ng'ambo, taratibu, mvumo ukaanza.